Akiba Huoza

Wahenga walinena akiba haiozi.
Wahenga hawakuwa na tairi.

Langu nililifunga nyuma ya gari
mwaka nilipohamishiwa nyanda za Patagonia.
Likapigwa na jua la viangazi tisa,
likasafiri nami kilomita laki moja na ushei
bila kuzunguka hata mara moja,
abiria aliyelipiwa nauli akasinzia.
Sikuwahi kulipapasa. Nililihesabu tu:
moja, lipo, twende.

Mimi ni muuguzi. Kazi yangu ni kuuliza watu
mara ya mwisho walipimwa lini.

Kilomita ya mia na kumi kutoka zahanati,
kule ambako upepo ndio mwenye nyumba
na sisi wengine wapangaji,
jiwe jeusi lilipasua tairi la kushoto.
Mlio haukuwa mkubwa. Pfuu,
kama mtu aliyechoka kubishana.

Nikatoa jeki. Nikatoa spana.
Nati nne zilikubali; ya tano niliipandia kwa miguu miwili,
nikarukaruka juu ya spana kama mwendawazimu,
guanako watatu wakinitazama kutoka kilimani
kwa shingo zao ndefu, bila huruma, bila dharau.
Kisha nikaishusha akiba yangu.
Nyufa. Nyufa kila mahali,
kisigino cha mtu aliyetembea peku mwezi wa Juni.
Nikalibonyeza kwa dole gumba.
Dole likazama.

Kwenye sanduku, chanjo za watoto kumi na wanane
na barafu ya saa ishirini.

Usiku ule nilivaa kila nilichokuwa nacho,
hata mifuko ya plastiki ndani ya soksi.
Nilisikia gari mara nne.
Mara zote nne ulikuwa upepo.

Alfajiri akaja Evaristo Nahuelquir na pikapu ya kijani,
mlango mmoja umefungwa kwa waya,
kondoo dume amekaa kiti cha mbele kama mkuu wa wilaya.
Hakuniuliza nimetoka wapi.
Aliliangalia tairi langu, akaliangalia jua, akaniangalia mimi,
akacheka kidogo kwa pua.
Juu ya paa alikuwa na mawili.
"Moja ni la jiwe," akasema. "La pili ni la mjinga."
Akalifungua la pili.

Nikatoa pesa. Akazitazama
kana kwamba nimemwonyesha picha za wajomba zangu:
kwa adabu, bila kuzigusa.
"Liache kwa Herminda, anayeziba pancha Pozo Chico."
Wakaondoka, yeye na dume lake.

Watoto kumi na wanane walilia kwa zamu.
Barafu ilikuwa imebaki kipande cha sabuni.

Jumamosi nikalipeleka.
Herminda alichomoza kutoka chini ya lori, grisi mpaka kwenye nyusi.
"La Evaristo?" Akalipindua kwa mguu.
"Evaristo naye aliazimwa na mwalimu wa Lagunita,
mwalimu na wale wapima madini,
wapima madini sijui, labda na marehemu mume wangu.
Kiraka hiki ni mkono wake."
Akakipitisha kidole kiraka kile, akanyamaza,
upepo ukapiga mabati ya karakana weee.
Halafu akaniambia lile langu lililooza nilitupe pale uani,
atapanda vitunguu ndani yake.
Hili jingine akalijaza upepo, akalirudisha garini mwangu
kabla sijasema ndiyo.

Sasa nina mawili. Jipya nimelinunua kwa mkopo.
Kila Jumatatu, kabla ya kupakia chanjo,
nayapima kwa geji, nayaandika
kwenye daftari la wagonjwa, ukurasa wa mwisho.
Jipya: thelathini na tano.
La mjinga: thelathini na mbili, linavuja kidogo,
bado hatujakutana na mwenyewe.